Skafu moja, mavazi ya wiki nzima: namna ya kuikunja, kuifunga na kuivaa ikatulia

Skafu nyingi zinalala kabatini, na si kwa sababu ni mbaya. Mtu anaitoa, anaizungushia shingoni mbele ya kioo, inakaa upande, muda wa kutoka umeshafika, anaivua na kuiacha kitandani. Ukiwaangalia wanaovaa skafu zikawakaa, hawana hazina kubwa ya mitindo kuliko wewe. Wanajua kipimo cha kitambaa walichoshika, na wanajua kufunga fundo lisiloteleza. Mengine yote humu yanatokana na hayo mawili. Kwa hiyo weka kioo kando kidogo, chukua tepu ya fundi.

Ipime kabla ya kuifunga

Skafu ya mraba ndiyo yenye kazi nyingi. Ndogo huwa na upande wa sentimita 50 hadi 60, ya kati 70, na kubwa 90. Sentimita 90 ndicho kipimo cha skafu za hariri za kampuni ya Hermès ya Ufaransa, zilizoanza kuuzwa mwaka 1937, na watengenezaji wengi wanakitumia mpaka leo. Skafu ndefu za mstatili nyingi zina urefu wa sentimita 180 hivi na upana wa 60 au 70. Halafu kuna mashali makubwa ya sufu ambayo hayafungwi fundo kabisa. Hayo utajifunika tu.

Kwa skafu ya mraba, kinachokuhusu si upande wake. Ni umbali kutoka kona hadi kona ya mkabala, maana mara nyingi utaikunja hivyo. Chukua upande, zidisha kwa 1.4. Skafu ya 55 inakupa ukanda wa sentimita 77, ya 70 inakupa 98, ya 90 inakupa 126.

Sasa pima mahali unapotaka kuifunga. Tuseme shingo yako ni sentimita 36. Fundo dogo lenye ncha fupi linakula sentimita 25 hadi 30, kwa hiyo skafu ya 55 inakutosha kwa mzunguko mmoja na inabaki ncha kidogo. Ukitaka kuizungusha mara mbili, mizunguko peke yake imeshakula 72. Ya 70 itakubana na utabaki unavutana nayo, ila ya 90 inaenda vizuri. Kiunoni ni hesabu hiyohiyo: ukanda wa 126 ukitoa 30 za fundo unabakiwa na 96. Kiuno chako kikizidi hapo, usiilazimishe. Tumia skafu ndefu, au ipitishe mbele tu kama nitakavyoeleza.

Jambo la pili ni uzito wa kitambaa. Ishike skafu katikati kwa vidole viwili, uiache ining'inie. Ikiteremka moja kwa moja na kujikusanya, kama hariri laini au viskosi, hiyo ni ya shingoni. Itatengeneza fundo dogo na ncha zitalala. Ikijitenga na mkono na kusimama pembeni, kama pamba nzito au poliesta kavu, usiipeleke shingoni, kwa sababu ncha zitakuotea chini ya kidevu kama masikio ya sungura. Ipeleke kiunoni, kichwani au mkobani, ambako ugumu huo unasaidia. Shifoni ni nyepesi lakini huvimba, kwa hiyo inataka kusokotwa kidogo kabla ya kufungwa.

Ukanda, mkunjo unaotumika karibu kila mahali

1. Tandaza skafu mezani au kitandani, uso wake wenye rangi kali ukiwa chini.
2. Shika kona moja uilete mpaka katikati ya kitambaa. Ilete na ya mkabala nayo, zikutane.
3. Kunja tena kila upande kuelekea katikati, mpaka ubaki na upana wa vidole sita au saba.
4. Kunja upande mmoja juu ya mwenzake, pindo zote ziingie ndani. Pitisha kiganja juu yake mara moja, usiikandamize mno.

Wengi huanza na pembetatu kisha huviringisha kutoka kwenye kona. Ni haraka, sikatai, ila ukanda huo hufumuka ukianza kutembea.

Kuna sababu ya kukunja kona kwa kona badala ya kufuata pindo. Nyuzi za kitambaa kilichofumwa zimepita wima na mlalo. Ukikivuta kwa kufuata nyuzi hakinyumbuki, ukikivuta kutoka kona hadi kona kinanyumbuka kidogo. Kunyumbuka huko ndiko kunakoufanya ukanda ufuate mviringo wa shingo bila kukunjika vibaya.

Kabla hujachagua kona za kukunjia, tazama rangi za kona zote nne. Ukishakunja, ua kubwa la katikati uliloinunulia skafu linapotea. Kinachobaki ni utepe mwembamba unaopita katikati, na kona mbili zinazotokea nchani. Kama skafu ina kona mbili nyekundu na mbili za bluu, mkunjo wako ndio unaoamua fundo litoe ncha za rangi gani. Skafu moja hapo imekuwa mbili. Na unapokwenda kununua, ikunje hivyo palepale dukani kabla ya kulipa. Zipo skafu nzuri mno zikiwa zimetundikwa ambazo zikikunjwa zinabaki kuwa za kijivu.

Fundo bapa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fundo ambalo mikono hufunga yenyewe bila kufikiri huwa linapinda: ncha moja inaelekea juu, nyingine chini, na kwenye hariri linalegea kabla hujafika uendako.

Fundo bapa hufungwa hivi. Ncha ya kulia iweke juu ya ya kushoto, ipitishe chini yake, vuta. Ncha hiyo sasa iko kushoto. Irudishe kulia, ikipita tena juu ya mwenzake, kisha ipitishe chini kwenye tundu na uvute zote mbili kwa pamoja. Kwa kifupi: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Kipimo cha kujua umepatia ni kwamba ncha iliyokuwa juu mara ya kwanza ndiyo iliyo juu mara ya pili. Ukitazama, ncha zinalala pembeni, moja huku moja kule, zikifuata ukanda. Zikisimama juu na chini, fungua nusu ya pili tu na uirudie kinyume.

Lifanyie mazoezi gotini, si shingoni. Shingoni unatazama kioo, na kioo kinakugeuzia kulia na kushoto.

Satini ikiendelea kukusumbua, usokote ukanda mara mbili tatu kabla ya kufunga. Msokoto huongeza mshiko. Au achana na fundo: chukua pete ya kidole yenye tundu pana, pitisha ncha zote mbili ndani yake kutoka chini, uisukume juu mpaka inapokaa. Pete isiwe na vito vilivyochongoka, maana hunasa nyuzi za hariri.

Shingoni

Ukiwa umevaa shati lenye kola, fungua vifungo viwili vya juu, inua kola, weka ukanda juu ya shingo tupu, funga fundo bapa, teremsha kola. Ncha ziingize ndani ya shati ukitaka kuonekana nadhifu kazini, ziache nje siku za mapumziko. Fundo lisikae katikati kabisa. Likikaa katikati, na skafu ikiwa ndogo na yenye rangi kali, watu watakuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Lisogeze vidole viwili upande wa bega.

Fulana ya kawaida yenye shingo ya mviringo ndiyo inayobadilika zaidi kwa skafu. Fulana nyeupe na jinzi ni mavazi yasiyo na jambo la kuangalia, kwa hiyo ukanda mdogo wa rangi mbili unatosha kubeba kazi yote. Uzungushe karibu na shingo lakini usibane. Vidole viwili vipite kwa raha kati ya kitambaa na ngozi.

Nguo yenye shingo ya V inataka pembetatu. Kunja skafu ya 70 au 90 ipate pembetatu, weka ncha pana kifuani, peleka ncha mbili nyuma ya shingo, zipishanishe, zirudishe mbele na uzifunge chini ya kile kitambaa kinachoning'inia ili fundo lisionekane. Kisha ingiza vidole chini ya kitambaa ukivute mbele kidogo, kiwe na mikunjo miwili mitatu ya kulegea. Ikilala bapa kabisa inaonekana kama umejikinga usichafue nguo.

Kwa skafu ndefu, wengi wanajua mtindo mmoja: unaikunja nusu, unaizungusha shingoni, unapitisha ncha zote mbili kwenye kitanzi. Unafaa, ila huweka mzigo mzito chini ya kidevu. Huu unaofuata unatumia mwanzo uleule na matokeo yake ni mazuri zaidi:

1. Kunja skafu nusu kwa urefu wake, iweke shingoni. Kitanzi upande mmoja, ncha mbili upande wa pili.
2. Pitisha ncha moja tu ndani ya kitanzi, ukiingia kwa juu.
3. Shika kitanzi ukigeuze mara moja, kijisokote.
4. Pitisha ncha ya pili kwenye tundu lililobaki, safari hii ukiingia kwa chini.
5. Vuta ncha kidogokidogo kwa zamu mpaka paonekane pamesukwa.

Kosa la hapa ni kuvuta kwa nguvu. Uzuri wake uko kwenye kulegea, na skafu ya sufu nyembamba au pamba laini ndiyo inayoupendeza.

Ukiwa na shingo fupi, ruka mtindo huo. Unajaza nafasi usiyo nayo. Skafu ndefu nyembamba iliyoachwa ining'inie chini ya koti lililofunguliwa, bila fundo lolote, hurefusha umbo kwa sababu jicho linafuata mistari miwili ya wima. Na vyovyote utakavyofunga, hereni kubwa na skafu ya shingoni havikai pamoja. Vua kimoja.

Kiunoni

Ningelazimishwa kuchagua matumizi mamoja tu, ningechukua haya. Skafu ya kiunoni haikupi joto, haichafuliwi na poda, na inaipa sura suruali uliyoivaa mara mia.

Kwenye suruali yenye vitanzi vya mkanda, pima kitanzi kwanza. Vingi vina sentimita nne au tano, kwa hiyo ukanda wako usizidi vidole viwili kwa upana. Ukiusukuma ukanda mpana kwa nguvu utapita, lakini utatoka umekunjamana na utakaa hivyo siku nzima. Anzia kitanzi cha pembeni, zunguka, funga fundo bapa usawa wa mfuko, si juu ya kifungo. Ncha ziteremke pembeni, moja fupi na moja ndefu.

Skafu ikiwa fupi kuliko kiuno, ipitishe kwenye vitanzi vya mbele peke yake. Kila ncha ifunge kwenye kitanzi cha nyonga, halafu vaa koti jepesi au shati lililoachwa wazi kufunika nyuma. Hakuna atakayejua, na hakuna anayehitaji kujua.

Juu ya gauni ni habari nyingine, kwa sababu hakuna cha kuushikilia ukanda, na ukiketi unapanda hadi mbavuni. Dawa ni pini ndogo upande wa ndani, moja kila ubavu, ikishika gauni na tabaka la ndani tu la skafu ili isionekane nje. Kwenye hariri nyembamba usitoboe. Weka mkanda mwembamba wa ngozi juu ya skafu, uishikilie.

Skafu ndefu ina kazi yake nyingine hapa, nayo hugeuka kizibao. Iweke mabegani kama taulo, ncha mbili mbele zikiwa sawa. Ikunjue mgongoni ifunike mabega. Mbele, kusanya kila upande uwe na upana wa kiganja kimoja. Funga mkanda kiunoni juu ya kila kitu. Sasa inua mikono yote miwili kama unayefikia kitu rafuni: kitambaa kitachomoka kidogo juu ya mkanda. Kiache hapohapo kilipochomokea. Hicho ndicho kiasi cha ulegevu unachohitaji, na ukikirudisha chini utakuwa unajirekebisha kila ukinyoosha mkono. Ndani vaa kitu cha rangi moja. Skafu yenye maua juu ya blauzi yenye maua inahitaji ujasiri ambao asubuhi ya siku ya kazi huna.

Kichwani

Tatizo la kichwani ni moja, kuteleza. Ukanda wa kawaida uliofungwa kisogoni unaanza kurudi nyuma taratibu mpaka unadondoka. Kwa hiyo chomeka pini mbili za nywele nyuma ya kila sikio, zikipishana. Moja ikishika peke yake huchomoka, mbili zilizopishana zinabanana. Ukanda wa pamba hushika kuliko wa hariri, ila pamba husugua nywele. Kama nywele zako hukatika kwa urahisi, tumia satini na uongeze pini.

Ukiwa umebana nywele nyuma, funga kwanza kwa raba ya kawaida. Kisha pitisha ncha moja ya skafu chini ya raba, zivute zilingane, ndipo uzungushe na kufunga. Ile ncha iliyopita chini ya raba ndiyo nanga. Bila hiyo, skafu inateremka na kuning'inia kwenye mkia. Ncha ziache zichanganyike na nywele.

Skafu ndefu inatosha kilemba kamili, na hapo pamba au viskosi ni bora kuliko hariri, kwa sababu vinajaa na kushika mkunjo.

Mkobani na mkononi

Kwenye mpini wa mkoba, funga fundo dogo chini ya mpini, zungusha ukanda ukipishanisha nusu ya upana wake kila mzunguko, malizia kwa fundo upande wa pili. Mpini wa ngozi haupati jasho. Skafu ndiyo inayolipata, kwa hiyo weka ambayo haikuumizi moyo ikichakaa. Mkononi, skafu ndogo inazungushwa mara tatu na ncha zinafichwa chini ya mzunguko wa kwanza. Ukivaa hivyo, saa ihamie mkono wa pili.

Kuhusu rangi

Kanuni yangu ni nyepesi: rangi moja ya skafu iwe tayari iko mwilini, hata kama ni kwenye viatu. Zisilingane zote, kwa kuwa skafu inayolingana na kila kitu inaonekana ni sare. Nguo ikiwa na mistari, chukua skafu yenye maua au ya rangi moja, na ukubwa wa maumbo utofautiane: mistari myembamba kwa maua makubwa, au kinyume chake. Iliyo karibu na uso ndiyo ya kuangalia kwa makini. Kama kuna rangi inayokufanya uonekane umechoka, haina haja ya kutupwa, ishushe kiunoni.

Usalama, na namna ya kuitunza

Mcheza dansi wa Marekani, Isadora Duncan, alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, skafu yake ndefu ya hariri iliponaswa na gurudumu la gari la wazi alilokuwa amepanda. Kwenye baiskeli, pikipiki, karibu na cherehani ya umeme au mashine yoyote inayozunguka, ncha zote ziingie ndani ya nguo, au skafu iingie mkobani. Na jikoni ivue. Shifoni na moto havijuani.

Manukato pulizia mwilini, subiri yakauke, ndipo uvae. Yakigusa hariri huacha doa ambalo mara nyingi halitoki. Jioni fungua mafundo yote kabla ya kuihifadhi, kwa sababu mkunjo uliolala kwenye fundo kwa wiki kadhaa unaweza usiondoke hata kwa pasi.

Soma kwanza lebo: zipo hariri ambazo mtengenezaji hataki ziguse maji. Kama inaruhusu, tumia maji baridi na sabuni laini kidogo, kanda taratibu kwa dakika chache, suuza. Skafu yenye rangi kali ijaribu kwanza kwenye kona kwa kitambaa cheupe chenye unyevunyevu, uone kama inachuja. Usiikamue. Iviringishe ndani ya taulo, bonyeza, itandaze kivulini. Ipige pasi ya moto mdogo ikiwa bado na unyevunyevu, upande wa nyuma. Kama pindo limeviringishwa na kushonwa kwa mkono, lile nene la mviringo, pasi isilipande. Ukililaza bapa halirudi. Ishia nusu sentimita kabla yake.